Kongole kwa waongoza wageni wa Amboni

Kazi ya kuongoza wageni katika Mapango ya Amboni, kaskazini mwa jiji la Tanga, inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mapango haya ya mawe ya chokaa yalichongwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na kati ya yote ni moja tu linalotumika kwa matembezi ya wageni. Ukipita mlango wake unaingia giza totoro, na tegemeo lako ni kurunzi ya mwongozaji na sauti yake.

Safari hupangwa nje, kabla ya kuingia. Mwongozaji mzuri hutazama kwanza viatu, maana mwamba unateleza. Huuliza nani anaogopa mahali pembamba, na huyo humweka karibu naye. Penye kutambaa hutangulia, hugeuka, kisha humulika chini, si usoni, ili mgeni aone pa kuweka goti. Hapo ndipo ninapowapa kongole kwa moyo wote. Wakifika kwenye mzimu, ambako watu bado huleta sadaka na maombi, husimulia kwa adabu, bila kumdhihaki anayeamini.



Msomaji, ukienda Tanga usimharakishe mwongozaji wako. Fuata anachosema, usivunje wala kuchora mawe, na mkimaliza mpe bakshishi yake. Ameifanyia kazi.