Msafara na Ukaazi: Uhakiki wa Sanaa ya Midia Mpya ya Rwenzori, kutoka Kasese hadi Bwera

Makala haya yanahakiki kazi za sanaa ya midia mpya zinazohusu milima ya Rwenzori na jamii zinazoishi chini yake, magharibi mwa Uganda. Midia mpya hapa ni kazi ambazo haziwezi kuwapo bila kamera ya kidijitali, kinasa sauti, ndege isiyo na rubani au kompyuta. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi mashuhuri za aina hii, pamoja na ubora wake, ni zao la msafara: msanii hupanda, hupiga picha, hushuka na kuondoka. Hazikutokana na ukaazi, yaani msanii kuishi na kufanya kazi mahali pamoja kwa muda wa kutosha hata wenyeji waweze kumsahihisha. Tofauti hiyo haiko kwenye bajeti peke yake. Inaonekana ndani ya picha zenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni kazi za Project Pressure, shirika lililoanzishwa mwaka 2008 na mpiga picha wa Denmark, Klaus Thymann. Mwaka 2012 Thymann alipanda Rwenzori na kupiga picha ambazo hulinganishwa na zile za Mwitaliano Vittorio Sella, aliyefuatana na Mtawala wa Abruzzi mwaka 1906. Misafara iliyofuata, kwa ushirikiano na UNESCO, ilitumia ndege zisizo na rubani kuunda umbo la pande tatu la barafu ya mlima Stanley. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yanatisha: barafu ya Speke na Baker imetoweka, na ile ya Stanley imepoteza karibu asilimia 30 ya eneo lake tangu mwaka 2020. Wakati wa Sella kulikuwa na barafu 43 juu ya milima sita, zikienea kilomita za mraba 7.5 hivi. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa imebaki takriban kilomita za mraba 1.5, juu ya milima mitatu tu.

Kama ushahidi, kazi hii haina mshindani, na washauri wa sera wana haki ya kuitegemea. Kama sanaa, ina kasoro inayotokana na nguvu yake yenyewe. Ili ulinganisho usimame, kamera ya leo haina budi kutazama kutoka upande uleule wa kamera ya 1906. Kwa hiyo mtazamaji wa karne hii anaazimwa macho ya mgeni wa kifalme aliyekuja kupanda vilele na kuvipa majina. Kinachoomboleza katika picha ni utupu wa mwamba, binadamu hayumo. Hata hivyo jina Rwenzururu lenyewe latokana na nzururu, theluji, na katika imani ya Wakonzo Nzururu ni baba wa Kithasamba, mwenye mlima. Barafu ikiisha, si maji peke yake yanayopungua. Suala hilo halijibiwi na ndege isiyo na rubani, na wala halikuulizwa.

Inafaa kulinganisha na kazi ya Simon Norfolk katika Mlima Kenya mwaka 2014, iliyofanywa chini ya mwavuli wa shirika hilohilo. Usiku, akiacha lenzi wazi kwa muda mrefu, Norfolk alitembea na mwenge wa petroli kwenye mstari ambapo ukingo wa barafu ya Lewis ulikuwa mwaka 1934 na katika miaka mingine iliyofuata. Picha inaonyesha ukuta wa moto juu ya mawe makavu, na barafu iliyobaki ikiwa imejikunyata mbali nyuma yake. Hapa wakati umepewa umbo, na mafuta yanayosemekana kuyeyusha barafu ndiyo yanayochora mpaka wake. Kisanaa Norfolk amekwenda mbali kuliko ulinganisho wa picha mbili. Lakini naye alifika kwa msafara, na watu wanaokunywa maji ya mlima hawamo katika picha yake.

Katika Kasese maji hayo yana historia ya karibu sana. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na kuikumba hospitali ya Kilembe. Bonde hilo ndilo la migodi ya shaba, ambayo ilivuta reli hadi Kasese mwaka 1956. Marundo ya masalia ya migodi hiyo yalianza kuchakatwa upya mwaka 1999 ili kutoa kobalti, madini yanayoingia katika betri za aina ya zile zinazowasha kamera za wasanii. Msanii wa midia mpya anayekwea kutafuta theluji bila kusimama Kilembe anapita juu ya malighafi ya chombo chake. Kuna kejeli nyingine. Ukaazi wa wasanii upo Kasese, lakini umepewa bronzi: Ruwenzori Sculpture Foundation, iliyoanzishwa na Rungwe Kingdon na Claude Koenig wa karakana ya Pangolin huko Uingereza, imewakaribisha wachongaji karibu na karakana ya kusubu ambako mafundi wa Uganda wamejifunza kazi hiyo. Bronzi inalazimisha subira. Kalibu haiharakishwi, na mgeni hana budi kumtegemea fundi. Kamera haimlazimishi mtu hivyo, na kwa sababu hiyo yafaa mkataba ufanye kazi ambayo kalibu huifanya yenyewe.

Sauti ndiyo hazina iliyopuuzwa zaidi. Mwaka 1962 Gerhard Kubik alichapisha makala kuhusu endara, marimba ya Wakonzo ya magogo yaliyolazwa juu ya migomba, ambayo hupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Kabla yake, Klaus Wachsmann alirekodi muziki katika sehemu nyingi za Uganda, na nakala za kidijitali za kazi yake zimerejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese. Peter Cooke na Martin Doornbos walichambua nyimbo za upinzani za Rwenzururu mwaka 1982, mwaka uleule wapiganaji wa vuguvugu hilo walipoweka silaha chini. Ukisikiliza endara kupitia kipaza sauti kimoja, wapigaji wote wanakuwa mtu mmoja. Msanii mwenye vipaza sauti sita anaweza kumrudishia kila mpigaji nafasi yake chumbani, na msikilizaji akatembea kati yao. Hilo ni tendo la kihakiki, kwa sababu linaonyesha kuwa wimbo haumilikiwi na mkono mmoja. Linahitaji pia wapigaji walio hai, malipo yao, na miezi ya mazoezi. Msafara wa wiki mbili hauwezi.

Kuna sababu nyingine ya wasanii kupiga picha za vilele na kuepuka za mabonde, nayo haisemwi katika katalogi. Novemba 2016, jeshi na polisi walishambulia kasri la Rwenzururu mjini Kasese. Human Rights Watch ilihesabu vifo visivyopungua 153. Joy Doreen Biira, mwanahabari wa runinga ya KTN ya Kenya, alikamatwa kwa kusambaza picha za kasri likiungua, akashtakiwa kusaidia ugaidi, na mashtaka yakaondolewa mwaka 2017. Mfalme Charles Mumbere alifutiwa mashtaka Juni 2023. Mwezi huohuo shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilishambuliwa na waasi wa ADF na makumi ya wanafunzi wakauawa. Katika wilaya ya namna hii, picha ya kidijitali inaweza kumfikisha mtu mahakamani, na inaweza kumuumiza mzazi aliyefiwa. Theluji haina wakili wala jamaa wa kulalamika. Taasisi inayotangaza ukaazi bila utaratibu wa ridhaa na ulinzi wa wanaopigwa picha inamwachia msanii mwenyeji mzigo ambao mgeni atautua uwanja wa ndege.

Ng'ambo ya mpaka kuna mfano ulio karibu kuliko London. Petna Ndaliko Katondolo alianzisha Yole!Africa Kampala mwaka 2000, kisha Goma mwaka 2002, na kwa miaka mingi vijana wamejifunza hapo filamu, muziki na uhariri. Chérie Rivers Ndaliko, katika kitabu chake cha 2016 kuhusu kituo hicho, anaonyesha jinsi fedha za mashirika ya misaada zinavyoielekeza sanaa iseme kile mfadhili anachotaka kusikia. Onyo hilo linafaa Bwera. Wafadhili wa mazingira watataka barafu, wale wa amani watataka maridhiano, na endara itatiwa nyuma ya maneno yao kama kiburudisho.

Bwera yenyewe inastahili kuwa makao ya ukaazi, hata kama Kasese ina reli ya zamani na hoteli. Mpondwe ni soko la mpakani. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanaelewana kwa lugha zinazokaribiana mno, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na wafanyabiashara wengine. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini maandishi yanayofuatana na kazi zilizohakikiwa hapa ni ya Kiingereza. Mkataba wa ukaazi unaweza kubadili hilo kwa masharti machache: muda unaopita misimu yote miwili ya mvua, maelezo ya Kikonzo na Kiswahili yanayoandikwa kazi ikiendelea, na nakala kamili kubaki Bwera kabla ya kazi kusafirishwa popote. Onyesho la kwanza lifanyike Mpondwe siku ya soko, ambapo mzee anayeutambua wimbo wa endara atapata nafasi ya kusema jina lake na la aliyeupiga, na maelezo yataandikwa upya palepale.