Mtunga Kamusi Mbele ya Kula

Mtake mtu anayetamba kwamba Kiswahili anakijua akueleze maana ya kula. Atakucheka: si kutia chakula kinywani, kutafuna na kumeza? Haya, muulize friji lake linakula umeme kwa kinywa kipi, foleni ya asubuhi imekulaje saa mbili zake, na kwa nini dili likiharibika wenzake humwambia "imekula kwako". Hapo kicheko kitakatika.

Washairi wamesifiwa vya kutosha. Sifa zangu leo nazipeleka kwa mtunga kamusi, yule anayelala na kuamka na maneno ambayo sisi wengine tunayatumia bila kuyatazama. Mmisionari Ludwig Krapf alitia nanga Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ikatoka London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Mwaka 1981 TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kazi hii hula umri wa watu.

Shida ya kwanza ni pa kukiweka kitenzi kula. Kitenzi chenyewe kina silabi moja na hakisimami bila mkongojo wa ku-: twasema anakula. Lakini tukikanusha kauli hiyo, mkongojo huanguka: hali. Basi kamusi hukitia kwenye L, na mwanafunzi anayekisaka kwenye K hurudi mikono mitupu.

Shida ya pili ndiyo inayomtambulisha fundi. Ipi ni maana ya neno, na ipi ni nahau? Tazama anavyopima. Gari linakula mafuta. Ondoa mafuta, weka umeme, fedha, muda, nafasi. Sentensi bado inasimama. Hiyo ni maana kamili, "kutumia kwa wingi", na inastahili namba yake. Sasa chukua mzee aliyekula chumvi nyingi. Ondoa chumvi, weka pilipili. Uzee umetoweka, kimebaki kinywa kinachowaka. Hiyo ni nahau. Kipimo chenyewe hakigharimu hata senti, ila kinataka sikio lililozoea lugha.

Na sikio hilo halinolewi ofisini tu. Nenda gereji yoyote. Fundi anapitisha kiganja juu ya tairi la mbele, anasema, "Hili linakula ndani." Barabara ndiyo inayolila tairi, tairi ndilo linaloisha, lakini katika sentensi yake kinacholiwa kimekaa kiti cha mlaji! Fundi huyohuyo atakwambia gari lako "linakula tairi", na dakika hiyohiyo kwamba tairi "limelika". Kauli tatu, ugonjwa mmoja, na hakuna mteja anayepotea njia. Mtunga kamusi akiandika "kulika" akafunga daftari, ameandika theluthi ya alichosikia. "Imekula kwako" ni ngumu zaidi, maana ukiuliza ni nini kilichokula, hakuna atakayekutajia.

Kwenye kiapo ndipo ninapopenda kukaa. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan alikula kiapo cha urais wa Tanzania, na hakuna aliyetazama kama kuna sahani. Ni lugha ya picha, tutasema. Lakini Kenya ya miaka ya 1950, waliolishwa kiapo cha Mau Mau walikula kweli: nyama ya mbuzi ilikuwa sehemu ya kiapo chenyewe. Kinachoingia mwilini hakirudishwi, na ndiyo maana neno likatosha. Majirani zetu Waganda wanakwenda mbali zaidi, kwao Kabaka anayetawazwa husemwa amekula ufalme. Kitenzi chao na chetu ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu, kwa hiyo sishangai kuwa kwao pia kimevuka mipaka ya jiko.

Huko kwenye utawala neno limechacha. Mlaji katika lugha ya serikali Tanzania ni mnunuzi wa bidhaa, mtu wa kulindwa haki zake. Mlaji huyohuyo vijiweni ni mkubwa aliyeshiba fedha za umma, na cheo chake huitwa ulaji. Mwaka 2009 mwandishi Michela Wrong alitoa kitabu kuhusu ufisadi wa Kenya na John Githongo aliyeufichua, akakipa jina kutokana na usemi wa "zamu yetu ya kula". Kamusi inapaswa kuwaweka walaji wote wawili chini ya kitomeo kimoja bila kumkonyeza msomaji. Mimi nisingeweza.

Wanaofanya kazi hii wanahitaji masikio yetu. Ukisikia matumizi ambayo kamusi yako haina, liandike neno pamoja na sentensi nzima, nani kasema na wapi, uwapelekee BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, au TATAKI, taasisi iliyorithi kazi ya TUKI. Sentensi nzima, tafadhali. Neno peke yake haliwafai.