Kidole cha Flatt Kingeachwa Palepale

Somo la sita la mfululizo ule wa banjo liliharibika pale mwalimu alipomsimamisha mpiga gitaa. Wengi wenu mmeliona, kwa hiyo sitalisimulia lote. Walikuwa wamefika mahali ambapo "Foggy Mountain Breakdown" inatoka G na kuingia E. Kijana wa gitaa, ambaye bila shaka aliisikiliza santuri kabla ya kuja, akashika E meja. Mwalimu akainua mkono, akamsogelea, akamwonyesha kidole cha shahada kilichobana uzi wa tatu kwenye freti ya kwanza, akamtaka akiondoe. Kidole kikainuka, E meja ikawa E maina, na darasa likaambiwa kwamba kosa la zamani limesahihishwa.

Hapakuwa na kosa. Earl Scruggs na Lester Flatt waliurekodi wimbo huu tarehe 11 Desemba 1949 mjini Cincinnati, kwa ajili ya kampuni ya Mercury, na kwenye rekodi ile banjo ya Scruggs inapiga E maina huku gitaa la Flatt likipiga E meja. Kila aliyewahi kukaa na wimbo huu anajua hivyo. Rekodi hiyo ndiyo iliyoingia kwenye filamu ya Bonnie and Clyde mwaka 1967, ikawafikia watu ambao hawakuwahi kusikia blugrasi maishani mwao, na watu hao wakaenda kununua banjo. Walichokisikia kikawavuta ni mgongano uleule ambao mwalimu wetu ameamua kuufuta.

Tuuangalie kwa karibu, maana suala lenyewe ni la nusu sauti moja. Banjo ya nyuzi tano katika G ya wazi imefungwa D, G, B, D kuanzia uzi wa nne hadi wa kwanza, na juu yake kuna ule uzi wa tano, mfupi, wa G ya juu. Uzi huo kwa kawaida haubanwi. Kidole gumba kinaurudia tena na tena katika kila mzunguko wa vidole, na unalia G iwe wimbo uko kwenye G, uko D au uko E. Scruggs anapoingia E, anabana uzi wa kwanza freti ya pili, anaugonga uzi wa pili kutoka freti ya pili hadi ya tatu, na gumba linaendelea kurudisha G. Katika E maina, G hiyo ndiyo sauti ya tatu, imekaa nyumbani kwake. Kidole cha Flatt, kwenye uzi wa tatu wa gitaa, kinatoa G shapu. Sauti mbili zilizopishana kwa nusu zinalia kwa wakati mmoja, tena kwa mwendo wa kasi, na kabla sikio halijaamua nani mkweli wimbo umesharudi G.

Hapo ndipo wimbo unapouma. Ondoa kidole kile, kama ilivyofanyika kwenye somo, na kila mtu anakubaliana na mwenzake. Sikilizeni tena mzunguko waliopiga baada ya kusimamishwa. Kasi ni ileile na vidole vya mwanafunzi ni vilevile, lakini E imekuwa kituo cha kupumzikia. Kwa Flatt na Scruggs E ilikuwa mahali pa kusukumwa utoke haraka, na kurudi G kulikuwa na maana kwa sababu ulikuwa umetoka kwenye msuguano. Darasa lilitoka pale likiwa na wimbo mwingine wenye jina lile.

Najua utetezi utakaotolewa, kwamba mwanafunzi anayeanza atachanganyikiwa. Basi asipewe wimbo huu. "Cripple Creek" upo, hauna E wala ugomvi wowote, na una karibu kila kitu ambacho mkono wa kulia unahitaji katika miezi ya mwanzo. Ukishamchagulia mwanafunzi "Foggy Mountain Breakdown", umekubali kumfundisha kilichomo. Mwalimu angeweza kumwacha kijana apige E meja, kisha E maina, akawauliza wanafunzi wamesikia nini. Ingechukua dakika mbili, na wangeondoka wakijua uzi wa tano unafanya kazi gani.

Mengine yalikuwa mazuri: mkao wa kifundo cha mkono, kidole cha pete kutulia juu ya ngozi, na uamuzi wa kuanza polepole.

Nashuku sana kwamba chanzo cha kosa la mwalimu ni karatasi. Nimeshalisema hili katika ukurasa huu na nitaendelea kulisema: tabulatura haifai kuwekwa mbele ya mtu siku ya kwanza. Tabulatura inakuonyesha uzi na freti, na juu ya mstari inaandika herufi moja ya kodi, ile ya banjo. Inaandikwa Em. Gitaa halina mstari wake. Mwenye kusoma anadhani Em ni amri kwa kila aliyemo chumbani, na anapomsikia mpiga gitaa akifanya tofauti, anamsahihisha mtu kwa kutumia karatasi, wakati karatasi ndiyo ingesahihishwa kwa santuri.

Watu hunijibu kwamba Scruggs mwenyewe alitoa kitabu mwaka 1968, nacho kimejaa tabulatura. Ni kweli. Lakini nani alizinasa nyimbo zile? Bill Keith, kijana aliyekaa na santuri akazitoa kwa sikio noti kwa noti, na akili ile ile ikampeleka kwenye bendi ya Bill Monroe mwaka 1963. Keith aliandika alichokwisha kukisikia. Wanafunzi wetu wanaanzishwa pale Keith alipomalizia, halafu tunashangaa kwamba hawawezi kumfuata mwimbaji akibadilisha ufunguo. Pete Seeger naye, aliyekitoa kitabu chake cha kufundishia mwaka 1948 kwa mashine ya kurudufu, aliisikia banjo ya nyuzi tano kwenye tamasha la Asheville, North Carolina, mwaka 1936, akajifunza kwa kuwafuata wapigaji na kuwatazama mikono. Mpiga banjo J. D. Crowe alipokuwa mtoto kule Lexington, Kentucky, aliketi mbele kabisa akimkodolea Scruggs macho. Waliofuata walipunguza mwendo wa santuri mpaka nusu, wimbo ukashuka oktavu nzima, wakasaka kila noti. Walichelewa kuupata wimbo mmoja, lakini walipoupata walikuwa wameupata pamoja na gitaa lake.

Na Scruggs alijifunzaje mwendo? Yeye na kaka yake Horace, wakiwa watoto Flint Hill, walikuwa wakianza wimbo pamoja, kisha mmoja anazunguka nyumba kwa upande huu na mwingine kwa upande ule, kila mtu akipiga chombo chake. Wakikutana upande wa pili wanaangalia kama bado wako kwenye pigo moja. Sijaona zoezi bora zaidi ya hilo katika mafunzo yoyote ya siku hizi, na halihitaji kitu zaidi ya nyumba na ndugu.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiweze kuunyamazia uzi wa tano. Uzi mfupi unaopigwa kwa gumba ulivuka bahari na Waafrika waliotumikishwa. Wajola wa Senegal na Gambia wanao hadi leo kwenye akonting, yenye nyuzi tatu, mmoja wao ukiwa mfupi. Kazi yake ni kubaki palepale wakati sauti nyingine zinahama, na msuguano unaotokea ni sehemu ya muziki tangu mwanzo. Sisi huku Tanzania tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa. Waliomsikia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose wanaukumbuka mvumo wa ilimba yake, chombo cha Wagogo, unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa makusudi juu ya matundu. Fundi wa Kigogo haubandui utando ule ili chombo kiwe safi. Hata mpiga banjo Béla Fleck alipokuja Tanzania mwaka 2005 akitafuta mizizi ya banjo, akarekodi na familia ya Zawose na Anania Ngoliga, alibeba banjo yake kwenda kusikiliza kwanza.

Somo la saba limetangazwa kuwa "Earl's Breakdown" ya mwaka 1951. Humo Scruggs anaushika ufunguo wa uzi wa pili katikati ya wimbo, anaulegeza kutoka B hadi A na kuukaza tena bila kusimama, na sauti inateleza njia nzima. Ipo njia rahisi ya kuzipata noti hizo mbili zikiwa zimenyooka, kwa kubana freti, na karatasi nyingi zitaipendekeza. Mwalimu amfundishe mwanafunzi kuuzungusha ufunguo.