Mbegu ya Mwakani Hutengwa Siku ya Kupanda

Pakiti ya gramu 10 ya nyanya ina mbegu zipatazo 3,000. Bustani ya nyumbani yenye mashina 40 ya nyanya haihitaji mbegu zaidi ya 60, hata ukihesabu zitakazokataa kuota na miche dhaifu itakayong'olewa kitaluni. Zinazobaki hukunjiwa mdomo wa pakiti, zikatupwa kwenye droo ya jikoni karibu na joto la jiko na mvuke wa sufuria, na msimu unaofuata zikisiwa hazioti vizuri. Mwenye bustani anarudi duka la pembejeo na kununua pakiti nyingine. Bei ya mbegu inalalamikiwa sana, na kwa mkulima wa ekari malalamiko hayo yana msingi. Kwa mwenye matuta manne nyuma ya nyumba, hasara kubwa zaidi ni mbegu alizokwisha kuzilipia zikafa kabla hazijagusa udongo.

Njia za kuziba tundu hilo ni mbili: kutunza vizuri mbegu iliyonunuliwa, na kuzalisha yako mwenyewe. Zote zina sharti moja ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa, nalo ni kwamba uamuzi hufanywa mwanzoni mwa msimu. Anayesubiri hadi mwisho wa mavuno ndipo aanze kutafuta mbegu huokota mabaki: nyanya ya mwisho iliyokosa mnunuzi, mchicha uliokimbilia kutoa maua, ganda la maharage lililosahaulika shambani. Mabaki hayo ndiyo yanakuwa wazazi wa bustani ya mwakani.

Swali la kwanza liko kwenye maandishi ya pakiti. Ukiona F1, hiyo ni chotara, zao la mistari miwili ya wazazi iliyochavushwa kwa makusudi. Mbegu utakayokamua kwenye tunda lake itaota bila shida, lakini kizazi cha pili hugawanyika. Shina moja linafuata upande huu wa ukoo na jingine upande ule, na ule usawa uliokuvutia dukani unakuwa umetoweka. Chotara hainunuliwi kwa ajili ya kutunza mbegu. Hununuliwa kwa sababu nyingine, na baadhi ni nzuri sana: kwenye udongo uliokwisha kuingiwa na mnyauko bakteria, chotara yenye ukinzani inaweza kuwa nafuu kuliko mbegu ya bure inayokufa yote. Kwa mwenye shida hiyo, kumwambia aache chotara ni kumtia hasara.

Mbegu zinazofaa kutunzwa ni zile za uchavushaji huria, ambazo watoto hufanana na mama. Kwa nyanya zipo nyingi madukani: Cal J, Rio Grande, Money Maker. Kwa Tanzania zipo pia Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa mwaka 1997 kutokana na kazi iliyofanyika Tengeru, mkoani Arusha, kati ya kituo cha utafiti wa mazao ya bustani na taasisi ya kimataifa ya mboga ambayo leo inaitwa World Vegetable Center. Mboga za asili nazo zina bahati hiyo. Mchicha, mnavu na ngogwe zinazouzwa mara nyingi si chotara.

Tuifuate nyanya, maana ndiyo rahisi na ndiyo inayokosewa mara nyingi. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo huhitaji kutenga aina mbili kwa umbali mkubwa. Kazi iko kwenye kuchagua. Huchaguliwa shina, si tunda. Tunda kubwa jekundu kwenye shina lenye majani yenye mabaka-baka ya kijani na njano ni tunda la kupika, kwa sababu baadhi ya virusi na bakteria husafiri na mbegu hadi msimu ujao. Tembea tutani matunda yanapoanza kukua, tafuta mashina matano au sita yaliyosimama vizuri, yasiyo na ugonjwa, yenye matunda mengi yanayofanana, kisha funga kila moja kitambaa chekundu. Na uitangazie nyumba nzima maana ya kitambaa hicho, la sivyo yatakwenda kwenye kachumbari ya Jumapili.

Wakati nao una nafasi yake. Nyanya zinazoiva katikati ya masika hupigwa na bakajani chelewa, na mbegu zake ni tabu kukausha. Kwenye miteremko ya Meru na kwingine kwenye misimu miwili ya mvua, mwenye maji ya kumwagilia anaweza kusia mwezi Juni ili matunda ya mbegu yaive Septemba na Oktoba, kabla ya vuli. Hewa ni kavu, na mbegu inakuwa tayari ikisubiri mwaka mpya.

Tunda liachwe liive kupita kiwango cha sokoni, mpaka liwe laini. Likatwe katikati, mbegu zikamuliwe pamoja na ute wake kwenye bilauri, na mdomo ufunikwe kwa kitambaa chepesi. Ute ule una kazi: huzuia mbegu isiote ingali ndani ya tunda. Usipouondoa unaweza kuendelea kuizuia hata kitaluni. Hauondoki kwa kusuuza tu, ndiyo maana mchanganyiko huachwa uchachuke. Dar es Salaam siku moja au mbili zinatosha, na Lushoto inaweza kufika tatu. Koroga mara moja kwa siku. Harufu itakuwa mbaya na utando utatanda juu. Hiyo ni dalili njema. Ukizidisha muda, mbegu zitaanza kuota humo humo. Ongeza maji, koroga, acha zitulie: mbegu nzima zinazama, hafifu zinaelea pamoja na nyama ya tunda, nawe unamimina vya juu. Rudia hadi maji yawe meupe, kisha zichujwe kwenye chekeche na kutandazwa kwenye sahani. Ukizitandaza kwenye gazeti zitagandamana nalo. Zikauke kivulini penye upepo, zikigeuzwa kwa mkono ili zisishikane. Jua kali la mchana juu ya bati ni adui wa mbegu mbichi.

Nyanya moja ya wastani hutoa mbegu zaidi ya 100. Kwa hiyo tunda moja kutoka kila shina lenye kitambaa linatosha bustani yako na za majirani kadhaa, na hujapunguza hata ndoo moja ya mavuno. Kwa nyanya, gharama ya kutunza mbegu ni karibu sifuri.

Kwa mchicha hesabu inageuka. Mchicha wa kula unavunwa wiki tatu au nne baada ya kusia na tuta linapandwa tena. Mchicha wa mbegu unakaa miezi mitatu au zaidi. Ukitaka mbegu, lazima ukubali kupoteza kipande cha tuta kwa muda huo, na hapa ndipo mpango unapotofautiana na nia njema. Chagua pembe ya bustani ambayo haitasumbua ratiba ya matuta mengine, hamishia hapo miche kumi hadi kumi na tano, na usiichume majani. Gramu moja ya mchicha ina mbegu zaidi ya 1,000, kwa hiyo pembe hiyo ndogo inatosha mwaka mzima.

Kosa la kawaida kwenye mchicha ni kuchukua mbegu kwa shina lililotangulia kutoa maua. Linavutia kwa sababu liko tayari mapema. Lakini mboga ya majani inayowahi kutoa maua ndiyo inayowahi kuacha kutoa majani, na ukiirudia misimu michache utakuwa umejizalishia mchicha wa kuchuma mara moja tu. Lililotangulia ling'olewe, mbegu ichukuliwe kwa yaliyochelewa. Ng'oa pia mchicha pori ulioko jirani, maana chavua ya mchicha hubebwa na upepo na haichagui. Kwa mnavu kanuni ya kuchelewa ni ile ile, ila mbegu zake hutolewa kwa kuponda matunda yaliyoiva ndani ya maji.

Kuhusu kuchanganyika, pilipili ndiyo yenye visa. Mwenye kupanda hoho kando ya pilipili kali atavuna hoho tamu kama kawaida mwaka huu, kwa sababu tunda ni mwili wa mama. Nyuki akiwa amepita kwenye pilipili kali kabla ya kutua kwenye ua la hoho, mchanganyiko uko ndani ya mbegu, na utaonekana mwakani mezani mbele ya wageni. Atakayelaumu udongo ataulaumu bure. Dawa ni kufunga tawi moja la hoho kwa kipande cha chandarua kabla maua hayajafunguka, kulitikisa kila siku ili chavua idondoke, na kuondoa chandarua matunda yakishashika, huku tawi likibaki na alama. Maboga yanahitaji zaidi: ua la kike na la kiume yafungwe kwa uzi jioni kabla ya kufunguka, asubuhi yachavushwe kwa mkono, kisha la kike lifungwe tena. Boga hilo likivunwa likae wiki tatu au nne kabla ya kupasuliwa, maana mbegu zinaendelea kukomaa ndani yake.

Maharage na kunde hayana maneno mengi. Hujichavusha, hukaukia kwenye shina, na unachotupa ni punje zenye madoa au zilizotobolewa. Mahindi sishauri kwa bustani ndogo: yanachavushwa kwa upepo, na mbegu ikichukuliwa kwa mashina machache kizazi chake hudhoofika haraka.

Yapo pia mazao ya kununua bila kujilaumu. Karoti na kabichi huhitaji kipindi cha baridi ndipo yatoe maua, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki baridi hiyo haipo. Sukuma wiki ni ndugu wa kabichi na ina shida hiyo hiyo, ila ina mlango wa nyuma: machipukizi ya pembeni ya shina la zamani lenye afya, yakikatwa na kupandikizwa kivulini penye unyevu, yanatoa mizizi. Kwa vitunguu, nunua mbegu za msimu mmoja tu. Mbegu ya kitunguu ni miongoni mwa zenye maisha mafupi kabisa, na pakiti kubwa ya bei nafuu ni unafuu wa uongo.

Sasa utunzaji, ambao unaihusu mbegu ya dukani sawa na ya nyumbani. James Harrington, mtaalamu wa mbegu wa California, aliacha kanuni mbili ambazo bado zinatumika: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka takriban mara mbili; na joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5 hivi, huongezeka tena mara mbili. Kanuni hizo zinaeleza kwa nini pakiti inayodumu Njombe inakufa Tanga. Pwani kuna joto na unyevu kwa pamoja, na bahasha ya karatasi haizuii chochote.

Kwa hiyo kausha kwanza, funga baadaye. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana inatosha. Chini yake weka mchele uliokaangwa bila mafuta hadi ukauke kabisa na kupoa ukiwa umefunikwa, uzito wake usipungue ule wa mbegu. Mbegu zikae juu ndani ya kitambaa. Mchele utavuta unyevu uliobaki. Baada ya wiki mbili zihamishie kwenye chupa kavu. Mwenye friji aiweke humo, kwa angalizo moja: ukiitoa, usiifungue mpaka ifikie joto la chumba, la sivyo umande utashika mbegu zote. Maharage na kunde, yakishakauka vizuri, yakae siku kadhaa kwenye sehemu ya kugandisha ili mayai ya fukusi yafe. Andika jina la aina na mwezi wa kuvuna kwenye kila chupa.

Wiki tatu kabla ya kusia, hesabu. Tandaza mbegu 50 kwenye kitambaa kibichi, kikunje, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki mahali penye joto, na uzuie kisikauke. Baada ya siku saba hadi kumi kifungue. Zikiota 40 uko salama. Zikiota 25, sia mara mbili ya kawaida. Zikiota 10, kanunue, na una muda wa kutosha wa kufanya hivyo kabla ya mvua. Jaribio hili halina gharama, na ndilo linalokata kile kisa cha kununua pakiti mpya kwa hofu tu.

Kumgawia jirani kijiko cha mbegu ni jambo moja, kuuza ni jambo jingine. Tanzania ina Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na mbegu inayouzwa iko chini ya usimamizi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kwa wakulima wadogo wanaotaka kuuza upo utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, unaoanza kwa kujiandikisha na shamba kukaguliwa. Anayefikiria biashara aanzie huko.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni asijaribu mazao yote mwaka wa kwanza. Achague nyanya ya uchavushaji huria na pembe moja ya mchicha, anunue karoti, kabichi na vitunguu kama kawaida, na pakiti kubwa agawane na majirani wawili siku ile ile ya kuifungua. Vile vitambaa vyekundu viwe tayari kabla miche haijatoka kitaluni.