Kazimoto tunamhakiki, aliye darasani hatumuulizi

Majuzi nilikuwa Gazi, Kaunti ya Kwale. Kwenye lile daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko, linaloendeshwa na akina mama wa kijiji, nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwalimu. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniambia jambo aliloniruhusu kuliandika bila jina lake.

“Mwalimu, ulitusomesha Kichwamaji muhula mzima. Mawazo ya Kazimoto ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Niliandika insha, ukanipa alama nzuri. Hukuniuliza kitu.”

Kweli, sikumuuliza. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974, na tumezoea kuisomesha kama kielelezo cha udhanaishi: maisha hayana maana, Kazimoto anatambua hivyo, anajiua. Rosa katika Rosa Mistika (1971) naye anajiua, na hapo sisi husema tatizo ni malezi. Ukishataja falsafa au dhamira, swali la mtihani limejibiwa.

Nimeisoma Kichwamaji upya. Kazimoto ndiye msimulizi. Shaka zake na uchovu wake wa kuishi anatumiminia sisi wasomaji, ambao hatuna namna ya kumjibu. Nadhani uchungu wa riwaya uko hapo zaidi kuliko kwenye falsafa. Tukimsifu kama mwanafalsafa aliyefikia hitimisho, tunakipa kifo chake heshima ya hoja, na kijana anayeumia nyuma ya darasa aweza kuamini kwamba naye amefikia hitimisho. Simlaumu Kezilahabi, mwandishi hana deni la kutuliwaza. Deni ni letu wahakiki.

Lugha yetu ya kila siku nayo ina lake. Mtu akithubutu kusema amechoka na maisha, tunamkatiza: “Mungu apishie mbali!” Au, akiwa mwanamume, “Jikaze bwana!” Dua ni njema, ila ikitoka haraka namna hiyo hufunga mazungumzo. Twapenda pia kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humsuta anayeficha. Haimgusi yule ambaye angefichuliwa siri akaanza kupiga kelele. Wengine huandika kwamba fulani “alifaulu” kujiua, kana kwamba ni mtihani! Na “kosa la kujaribu kujiua” halikuwa msemo tu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kiliweza kumpeleka jela aliyenusurika hadi miaka miwili, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Nani angefungua kinywa wakati neno lenyewe linanuka polisi?

Aliyeuliza ni shangazi yake, mama ambaye hajapata kusoma riwaya. Alimwona kijana hali, hatoki nje, akamuuliza waziwazi: “Mwanangu, wataka kujiua?” Akajibu ndiyo. Shangazi hakupiga yowe. Usiku ule alilala chumba kimoja naye, na kulipokucha wakaenda hospitali pamoja. Wengi wetu huogopa kwamba swali kama hilo litamtia mtu wazo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema halimtii. Humpa nafasi ya kusema.

“Mawazo yenyewe yangali yanakuja, mwalimu,” aliniambia. “Mara siku mbili mfululizo, mara mwezi mzima kimya. Yakija nampigia shangazi. Nikimkosa, napiga 1199.”

Hiyo ni nambari ya ushauri ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na haitozwi. Befrienders Kenya nao husikiliza kwa 0722 178 177.

Muhula ujao naisomesha Kichwamaji tena. Kabla ya udhanaishi, nitawauliza wanafunzi Kazimoto angemwambia nani, na nani angetulia amsikilize. Na insha zikija, atakayeandika kama yule wa Gazi nitamwita ofisini, nifunge mlango, nimuulize kwa maneno yale yale ya shangazi.