Jicho la Karibu

Picha nyingi zinazopigwa Kilwa Kisiwani zina mtu ndani yake, lakini hazimhusu. Amesimamishwa kando ya nguzo ya Msikiti Mkuu ili tujue nguzo ina kimo gani, au amewekwa mlangoni mwa ngome ya Gereza ili mlango usionekane mtupu. Ukiikuza picha utaona jiwe la matumbawe limetoka vizuri, kitundu kwa kitundu, na uso wa yule mtu ni doa la kahawia tu. Wageni hufanya hivyo, na sisi wenyewe hufanya hivyo siku za sikukuu tukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Magofu yana heshima yake. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, pamoja na yale ya Songo Mnara, na kamera nayo hupenda wakubwa. Ufundi ninaotaka kuusifu hapa unakwenda kinyume: kumweka mtu mbele ya ukuta wa miaka mia saba, kisha kuuacha ukuta upotelee kwenye ukungu ili kope zake zihesabike.

Anayeanza kupiga picha hudhani ukali unauzwa dukani pamoja na lenzi, na asiye na fedha hana lake. Sivyo. Lenzi yoyote, ya bei yoyote, huona kwa ukali kamili umbali mmoja tu. Kilicho mbele ya hapo kidogo au nyuma ya hapo kidogo huanza kulegea, na ule ukanda tunaouona kuwa mkali ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa ndogo, aina wanayoanzia wengi. Fungua tundu lake hadi 1.8, msogelee mtu hadi mita moja na nusu. Ukanda wako sasa ni kama sentimita sita au saba. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni mbali kuliko hapo. Kwa hiyo huwezi kupata vyote, lazima uchague, na mafundi walikwishachagua zamani: jicho, na mtu akiwa amegeuka upande kidogo, jicho lililo karibu na kamera. Sikio likilegea hakuna atakayelalamika. Jicho likilegea na sikio likawa kali, hata mtoto ataona kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hatajua ni nini.

Mimi humshauri mwanafunzi aanze na tundu la 4. Hapo ukanda hufika sentimita kumi na nne hivi, uso mzima unaingia, na ukuta wa nyuma, ukiwa mbali vya kutosha, bado utayeyuka. Hilo la kuwa mbali ndilo linalosahaulika. Mtu aliyeegemea ukuta hawezi kutengana nao kwa tundu lolote. Mtoe hatua sita mbele na ukuta utaanza kulainika wenyewe.

Kisha kuna udanganyifu wa kamera yenyewe. Fokasi ya kujiendesha ni jambo la juzi: Konica C35 AF ilitoka mwaka 1977, na Minolta 7000 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoizoesha kwa kamera za lenzi za kubadilisha. Mashine hizi hukimbilia penye mpaka mkali wa mwanga na giza. Sasa mweke mzee mwenye kofia ya viua chini ya mwembe wa Kilwa Kivinje, bahari ikiwaka nyuma yake. Uso ulio kivulini ni laini, hauna mipaka ya kushikika, ila kofia imejaa kazi ya sindano na uzi, na kule nyuma kuna tanga jeupe linapita. Kamera itashika kofia, au itakwenda na tanga. Kwa mama mwenye kanga, itashika pindo. Ndiyo maana mwenye kujua huizima ile akili ya kuchagua kote, akabaki na nukta moja, akaipeleka mwenyewe juu ya jicho. Kamera mpya hulitambua jicho zenyewe, na zinasaidia sana, lakini kilemba kikishuka hadi nyusi au mtu akivaa miwani nazo huanza kubahatisha. Wapo pia wanaofokasi katikati, wakashikilia kitufe, kisha wakageuza kamera kutafuta mpangilio mzuri. Kwa tundu lililo wazi, kugeuza huko peke yake kunaweza kuutoa ukanda juu ya jicho.

Lakini adui mkubwa ni mwendo, na hapa pwani imetupa dawa bila kukusudia: baraza. Mtu aliyesimama huyumba. Hajui, nawe hujui, ila anakwenda mbele na kurudi nyuma kwa sentimita kadhaa, na wewe una sentimita sita tu za kuchezea. Mkalishe barazani, mgongo umeegemea ukuta, hata kama ukuta huo hautayeyuka, miguu imetua chini, na yumbayumba yote imekwisha. Wapiga picha wa studio walilijua hili. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alifanya kazi ya mkanda na taa za ndani, na katika picha za studio za zama zile utaona viti kila mahali. Kiti kilitoa heshima, na kilitoa utulivu pia. Leo tunamwambia mtu asimame asiegemee kitu, eti aonekane wa kawaida, halafu tunailaumu lenzi.

Mpigaji naye atulie. Viwiko vibane mbavu, bega liegemee mnazi au nguzo. Mtu anayeongea apigwe kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, na kusi likivuma mchana wa Julai, kanga ikipepea, nenda hadi moja ya 500. Kivulini mwanga huenda usitoshe kasi hiyo. Basi pandisha ISO bila hofu. Punje za ISO huvumilika, hata zina uzuri wake. Picha iliyotikisika haina dawa.

Kuhusu mwanga, vitabu vinasema piga asubuhi sana au jioni, na vinasema kweli. Kilwa iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita utosini kabisa, na hata miezi mingine saa sita mchana macho hugeuka mashimo mawili meusi. Kivuli kama hicho huua fokasi pia, kwa kuwa hakuna kinachoonekana cha kushika. Tatizo ni kwamba maisha hayafuati vitabu. Wanawake wa pweza hutoka na maji ya bamvua, na katika pwani hii maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa limekwisha kukasirika. Utawaambia warudi jioni? Jioni maji yamejaa. Hapo tazama chini: mchanga ulio na maji hurudisha mwanga juu, ukaingia chini ya ushungi, ukayafungua macho. Mgeuze mtu alipe jua mgongo, uso uangalie mchanga huo unaong'aa. Kanzu nyeupe hufanya kazi hiyohiyo kwa mvaaji wake, na ukuta wa chokaa vilevile. Ndani ya Msikiti Mkuu, upande wa kusini uliobaki na kuba zake, mwanga huingia kwa ubavu kupitia matao, na hapo nukta ya fokasi hushika jicho mara moja. (Kibali cha kuingia huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Na kamera iliyolala kwenye kiyoyozi iache mkobani kwanza, la sivyo lenzi itapata umande na utautafuta ukali bure.)

Msikiti huo ulianza kujengwa karibu na karne ambayo mtaalamu wa nuru Ibn al-Haytham alikuwa Cairo akieleza kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, si jicho kutupa nuru nje. Na mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa, aliusifu mji, lakini juu ya watu wake aliandika jambo la karibu zaidi: alitaja weusi wao na chale zilizokuwa nyusoni. Kwa chale peke yake mtu anajua kuwa msafiri yule alisogea. Sijui picha ngapi za Kilwa za leo zinaweza kujisifu hivyo.

Kusogea kuna adabu yake. Mita moja na nusu ni umbali wa mazungumzo, haufikiwi bila salamu, na mazungumzo huwa ya namna hii:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unataka kupiga jumba?"

"Hapana, babu. Naomba nikupige wewe."

"Mimi? Jumba liko kule."

Ukishamweleza kwamba jumba limepigwa vya kutosha, atacheka, atarekebisha kofia, kisha atakakamaa kama anayesubiri picha ya pasipoti. Usibonyeze bado. Muulize habari za mvua, za bei ya ufuta mwaka huu. Atajibu, atashusha pumzi, mabega yatalegea. Pumzi ikishatoka kuna utulivu mfupi kabla ya nyingine kuingia, na shata ibonyezwe hapo, mara mbili au tatu, nukta ikiwa juu ya jicho la karibu.

Kisha kuza kwenye skrini papo hapo, hadi kope. Skrini ndogo husamehe kila kitu, na WhatsApp huibana picha hadi kali na legevu zikafanana. Karatasi haisamehi. Mzee wa barazani kwa kawaida haombi kutumiwa. Anauliza utamletea lini ya kutundika. Mpelekee ya sentimita 20 kwa 30, na kwa ukubwa huo jicho lililoukosa ule ukanda litaonekana tangu mlangoni.