Sifa ya Kutua kwa Kishindo

Abiria wengi humpima rubani kwa sekunde moja tu, ile ambayo matairi yanagusa lami. Ndege ikitua kwa ulaini, wapo wanaopiga makofi. Ikitua kwa kishindo, watu hutazamana, na wa kiti cha nyuma hunong'ona kwamba rubani wa leo bado anajifunza. Mimi hurusha ndege za pangaboi, na Songea ni kiwanja ninachokipenda kuliko vingi vya nchi hii. Nataka kukisifu kishindo hicho.

Uwanja wa Songea uko Ruhuwiko, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili libebe uzito uleule. Kipimo cha kasi kinanionyesha namba ileile niliyoizoea pwani, lakini ardhi inapita chini yangu upesi zaidi, kwa karibu asilimia 5, na jua likiwaka tofauti inaongezeka. Mwendo wote huo lazima umalizwe kwenye barabara ambayo si ndefu.

Halafu kuna ndege yenyewe. Dash 8 Q400 ina urefu wa karibu mita 33, na mkia wake uko mbali nyuma ya magurudumu. Rubani akiivuta pua juu kupita nyuzi 6 hivi ili atue kwa madaha, mkia unakaribia kusugua lami. Ndiyo maana tunafundishwa kuuzuia mkono. Kushuka kwa ndege tunakupunguza kwa nguvu za injini, kidogo kidogo, hadi matairi yaguse pale palipokusudiwa. Mvua ikiwa imenyesha, mguso wa uhakika ndio unaopasua utando wa maji, matairi yakashika lami na breki zikafanya kazi. Anayeelea juu ya barabara akitafuta ulaini anatumia mita mia kadhaa ambazo hatarudishiwa.

Hapo ndipo pangaboi, ambalo watu hulidharau wakililinganisha na jeti, linaponipa raha. Kila injini ina mapanga sita. Tukishagusa chini, narudisha vishikio vya nguvu nyuma na mapanga yanajigeuza, yanakuwa bapa mbele ya upepo. Yaliyokuwa yakituvuta sasa yanatuzuia. Abiria anasikia mngurumo ukibadilika na mkanda ukimbana tumbo. Siku moja mama mmoja mtu mzima alinikuta mlangoni mwa chumba cha marubani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, baba. Lakini leo umetubwaga!" Nikampa pole, akacheka, akashuka ngazi mjukuu wake amemshika mkono. Kutua kule ndiko nilikokutaka tangu tukiwa angani.

Na tangu kabla ya hapo, maana kazi ya Songea huanzia Dar alfajiri, juu ya karatasi. Mvua za Ruvuma huja kwa msimu mmoja, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi, na baridi ya Juni na Julai ina ukungu wake wa asubuhi. Tunasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha tunahesabu mafuta: ya kufika Songea, ya akiba ya njiani, ya kwenda kiwanja mbadala, tuseme Songwe kule Mbeya, au ya kurudi Dar, na juu ya yote hayo mafuta ya kuzunguka angani dakika 30. Kila kilo ya mafuta inashindana na kilo ya mzigo. Ndege hii haipaswi kuondoka ikiwa na zaidi ya tani 29 na kidogo, na mchana wa jua kali pale Ruhuwiko kikomo kinaweza kushuka chini ya hapo. Anayeambiwa kwamba mchele wake utakuja kesho ana haki ya kukasirika. Mimi nimemchagulia mafuta.

Kwa barabara, safari hii ya karibu kilomita 1,000 kupitia Iringa, Makambako na Njombe inakula siku nzima. Sisi tunaikata kwa saa moja na robo hivi, juu ya Rufiji na pori la Nyerere. Sehemu hiyo ni tamu kwa macho lakini haina mengi ya kusifiwa, ndege inajiendesha yenyewe. Ufundi unarudi pale Matogoro, milima unakoanzia mto Ruvuma, inapoanza kuonekana, au inapokataa kuonekana.

Tukifika kimo kilichowekwa bila kuiona barabara, tunapaa tena. Na yeyote kati yetu wawili akiona jambo halijakaa sawa, kasi imezidi au tumeteleza pembeni, anatamka tupae tena na mwenzake anatii palepale. Hili nalistahi kuliko mbinu zote za mkono. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa maneno. Humo ndani, kijana wa miaka 25 anamwambia mtu wa umri wa baba yake aache anachofanya, na mzee anasukuma vishikio mbele bila kuuliza sababu. Sababu itazungumzwa baadaye, juu, kwenye hewa safi. Heshima kati yao haipungui, na chai wanakunywa pamoja.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Katika watu 43, walikufa 19, na marubani wote wawili wamo. Siwezi kuwahukumu. Tangu siku ile, kila ninapoongeza mafuta ya kurudi nayo nyumbani, nawakumbuka.

Songea hatukai sana. Abiria wa Mbinga, wa Namtumbo na wa Tunduru wanapanda, mizigo inapimwa, tunapiga upya hesabu za joto la saa hiyo. Kabla ya kuondoka tunatamkiana kwa sauti tutakachofanya injini moja ikizimika, hata kama tumeshayasema maneno hayohayo asubuhi. Kisha tunakimbia. Rubani msaidizi anasoma kasi. Akitaja ile tuliyoihesabu, ambayo baada yake barabara haitoshi tena kusimama, kapteni anauondoa mkono kwenye vishikio vya nguvu, asije akashawishika kuvirudisha, na ndege inaondoka hata kama injini iliyobaki ni moja.